Kupima mboga na matunda anayokula mtoto bila kumchoma sindano: mwongozo kamili kwa walimu na wazazi wa Nairobi

Ukitaka kujua watoto wanakula mboga kiasi gani, usianze na watoto. Anza na ndoo ya makombo.

Siku moja katika shule fulani ya Eastlands niliuliza watoto wa gredi ya tatu nani alikula mboga jana. Mikono yote ikapanda, hata wa yule aliyekuwa amegeuka kuzungumza na mwenzake wala hakusikia swali. Saa saba mchana wakapakuliwa wali, maharagwe na kabeji. Saa saba na nusu ile ndoo ambayo jirani huja kuichukua kwa ajili ya nguruwe wake ilikuwa imejaa kabeji hadi ukingoni. Watoto hawakunidanganya. Walinijibu kwa adabu, jinsi walivyofundishwa kumjibu mgeni. Ndoo haina adabu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi, mhamasishaji wa afya ya jamii au mtu wa mradi mdogo wa bustani ya shule anayetaka nambari za kuaminika bila damu wala maabara. Damu husema mengi, sikatai. Watafiti huitumia kuhakiki vipimo vingine, kwa kuangalia kiwango cha karotenoidi (rangi asilia za mboga na matunda) na vitamini C. Lakini sindano inataka muuguzi, jokofu na pesa, na ukimchoma mtoto mmoja wa PP2 (chekechea) darasa zima litalia. Mkojo nao hutumika katika tafiti, ila jaribu kukusanya mkojo wa saa 24 kutoka kwa mtoto wa miaka saba anayesomea mbali na nyumbani, halafu uniambie ulivyofanikiwa.

Zinabaki njia nne: mizani, picha, kumbukumbu ya jana, na mwanga kwenye kidole. Nitazipitia zote, ingawa sitazipa uzito sawa.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwenye karatasi

Sentensi moja inatosha. “Watoto wanakula gramu ngapi za mboga katika chakula cha mchana shuleni?” Swali hilo ni la mizani. “Je, tangu tuanze kutoa embe saa nne, watoto wanakula matunda zaidi kwa siku nzima?” Hapo mizani ya shule haitoshi, kwa sababu huenda mama, akijua mtoto amepewa embe shuleni, akaacha kununua ndizi jioni. Itabidi uulize ya nyumbani. “Je, kwa muhula mzima ulaji wa kundi hili umebadilika?” Hilo mwanga wa kidole unaliweza vizuri.

Swali ambalo njia hizi hazijibu vyema ni lile ambalo wazazi hulipenda zaidi: “Je, mtoto wangu mmoja anakula vya kutosha?” Ulaji wa mtoto mmoja huruka kama panzi. Leo atamaliza bakuli la managu, kesho hataki hata kuiona. Kwa mtoto mmoja unahitaji siku nyingi. Kwa kundi la watoto 100, siku mbili au tatu zilizochaguliwa vizuri hukupa wastani wa kufanyia kazi.

Hatua ya 2: Kubalianeni mboga ni nini

Hapa ndipo kazi nyingi za Nairobi huharibika, na lawama ni ya lugha yetu yenyewe. Kwenye nyumba nyingi mboga ni chochote kinachoshusha ugali. Muulize mtoto, “Jana mlikula ugali na mboga gani?” naye atakujibu bila wasiwasi: “Omena.” Au mayai. Au supu. Hajakosea hata kidogo. Kwa hiyo usitumie neno mboga peke yake mahali popote kwenye fomu yako. Taja majina: sukuma wiki, spinachi, kabeji, managu, terere, kunde, saga, mrenda, karoti, malenge, hoho.

Kisha chora masanduku manne. La kwanza ni majani ya kijani kibichi: sukuma, managu, terere, kunde na ndugu zao. La pili ni vyakula vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A: karoti, malenge, embe bivu, papai. La tatu ni mboga nyingine: kabeji, nyanya, biringanya, hoho, kitunguu. La nne ni matunda mengine: ndizi, chungwa, nanasi, tikiti, parachichi, pera. Huo ndio mgawanyo uliomo katika kipimo cha FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, cha aina za vyakula wanazokula wanawake (MDD-W). Mimi huuazima kwa watoto wa shule kwa sababu unanionyesha ni sanduku lipi lililo tupu. Kipimo hicho kina kanuni moja nzuri sana kwa jikoni zetu: chakula kisichofika gramu 15, yaani kama kijiko kimoja kikubwa, hakihesabiwi. Ukiwa huna kanuni hiyo, kila mtoto aliyekula mchuzi wenye kipande cha nyanya ataandikwa kuwa amekula mboga.

Viazi, mihogo na nduma si mboga katika hesabu hii. Chipsi usiniulize. Maharagwe, ndengu na mbaazi zina kundi lake, na mahindi ya kuchoma ni nafaka. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina utata wake: ni wanga, lakini FAO wameviweka pamoja na karoti na malenge. Viandike kwenye mstari wake peke yake ili uweze kuviingiza au kuvitoa baadaye. Juisi mimi siihesabu, hata ya embe iliyosagwa mbele yangu, kwa sababu WHO (Shirika la Afya Duniani) huingiza sukari ya juisi katika sukari ya kupunguzwa. Wewe unaweza kuamua vingine, mradi uamue kabla ya siku ya kwanza na usibadilishe katikati ya safari.

Gramu za kulenga zipo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, gramu 350 kwa wa miaka 6 hadi 9, na gramu 400 kuanzia miaka 10, sawa na mtu mzima. Kwa wachanga wa miezi 6 hadi 23 usihangaike na gramu. WHO na UNICEF, katika viashiria vyao vya 2021, wanahesabu watoto ambao siku iliyotangulia hawakula mboga wala tunda lolote. Swali moja, ndiyo au hapana, na mama analijibu akiwa anaendelea kufua.

Hatua ya 3: Ruhusa

Mkuu wa shule kwanza, wazazi pili, mtoto mwenyewe tatu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda maslahi yake, kwa hiyo barua iliyotiwa sahihi si hisani. Ikiwa kazi yako ni utafiti, si kumbukumbu za ndani ya shule tu, utahitaji pia idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti, na mambo hayo huchukua muda, yaanze mapema. Kila mtoto mpe nambari. Orodha ya majina na nambari ikae kwa mtu mmoja, si kwenye kundi la WhatsApp la darasa.

Mtoto akisema hataki, hataki. Usimbembeleze kwa biskuti, hasa katika kazi ya kupima matunda.

Hatua ya 4: Mizani na ndoo

Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo ya bei nafuu. Nunua mizani ya jikoni ya betri inayosoma gramu moja moja na kubeba hadi kilo 5. Kwa sufuria kubwa azima mizani ya kuning'iniza kwa muuza viazi. Kila asubuhi ijaribu: pima chupa tupu, itie nusu lita ya maji, pima tena. Uzito uongezeke kwa gramu 500. Usipoongezeka hivyo, badilisha betri, au uiweke mahali tambarare. Meza za jikoni za shule zina tabia ya kulala upande.

Siku mbili za mwanzo pima lakini usizihesabu. Watoto wakiona mtu mgeni mwenye ubao na kalamu hula kama wako kwenye maonyesho. Siku ya tatu wameshakuzoea na wanarudi kuwa wenyewe.

Unaweza kupima kwa mtoto mmoja mmoja au kwa sufuria nzima. Kwa mmoja mmoja, mwombe mpishi apakue sahani kumi kama kawaida yake, upime mboga ya kila moja na upate wastani wa kipimo kimoja. Mtoto anapomaliza, chukua sahani yake, tenga mboga iliyobaki, ipime. Kama wastani wa kupakuliwa ulikuwa gramu 62 na zimebaki 17, amekula 45. Wapishi hawapakui sawa. Upawa wa kwanza huwa mkarimu na wa mwisho ni wa kukwangua, kwa hiyo chukua zile sahani kumi mwanzoni, katikati na mwishoni mwa foleni.

Kwa watoto wengi njia ya sufuria ni rahisi zaidi. Tuchukue mfano wa kubuni. Kabeji iliyopikwa ina uzito wa gramu 9,600 baada ya kutoa uzito wa sufuria. Baada ya kupakua zimebaki gramu 1,150 ndani. Kwenye ndoo, kabeji iliyotengwa ni gramu 1,420, na iliyookotwa sakafuni na mezani ni 80. Zilizoliwa ni 6,950. Watoto waliokula ni 118, basi kila mmoja kwa wastani amekula kama gramu 59. Kwa mtoto wa miaka minane hiyo ni sehemu moja kati ya sita ya gramu 350 za siku. Ili hesabu hii ifanye kazi unahitaji ndoo tatu zenye alama: ya mboga, ya matunda, na ya vingine vyote. Mtu mmoja asimame hapo kusaidia kutenga, la sivyo utarudi nyumbani ukiwa na kilo nne za uji wa kabeji na maharagwe usioweza kutenganishwa na malaika.

Githeri na mukimo zinataka akili nyingine, kwa kuwa huwezi kuchambua mukimo. Pima viungo kabla ya kupika. Kama kilo 3 za majani ya malenge zimeingia kwenye mukimo ambao mwishowe una uzito wa kilo 20, basi mtoto aliyekula gramu 250 amekula gramu 37.5 za majani, kwa uzito wa mabichi. Andika wazi kwamba ni uzito wa mabichi. Sukuma hunywea sana motoni, na ukichanganya uzito wa kabla na wa baada ya kupika nambari zako hazitakuwa na maana.

Kwa matunda, toa maganda na mbegu. Embe lenye kokwa kubwa hudanganya sana. Kusanya maganda na kokwa zote, zipime, utoe kwenye jumla uliyogawa.

Sasa jambo ambalo hakuna mizani itakayokuonyesha. Niliwahi kurekodi siku nzuri mno katika darasa moja: ndizi zote zimekwisha, hakuna kilichobaki. Wakati wa kwenda nyumbani nikaona mifuko ya sare imevimba. Watoto kadhaa walikuwa wamewawekea wadogo zao. Wengine huuziana, au hubadilishana karoti kwa kipande cha chapati. Huo si utundu wa kuadhibiwa, lakini ni lazima uhesabiwe. Weka mtu mmoja wa kutembea kati ya meza akiandika kinachotoka, kinachohamia kwa jirani, na kinachoanguka. Akiona ndizi inaingia mfukoni, aandike na anyamaze.

Nyumbani mzazi anaweza kufanya hivyohivyo kwa siku tatu, mojawapo ikiwa Jumamosi au Jumapili. Mama mboga wengi wa Nairobi hukukatia sukuma palepale, wakaitia kwenye mfuko. Pima mfuko huo kabla ya kupika, maana majani na vikonyo vya kutupwa vimeshabaki kwa mama mboga. Baada ya kupika pima sufuria, pima anachopakuliwa mtoto, pima anachobakiza. Mtoto mdogo anayekula sahani moja na mama yake ni mgumu. Mwombe mama, kwa siku hizo tatu tu, ampakulie pembeni. Usitumie hesabu ya manunuzi kama hesabu ya kuliwa: sukuma ya ishirini iliyonunuliwa ni ya watu sita, na baba huenda ndiye aliyekula nusu.

Hatua ya 5: Picha, pale ambapo foleni haingoji

Kama una dakika 30 na watoto 200, piga picha badala ya kupima. Bandika karatasi yenye mistari mezani, weka rula pembeni, shika simu kwa pembe ileile na urefu uleule, na upige sahani kabla na baada ya kula. Nambari ya mtoto ionekane kwenye kikaratasi. Uso wake usionekane kamwe. Jioni watu wawili, bila kushauriana, wakadirie kilichobaki: hakuna, robo, nusu, robo tatu, chote. Wakitofautiana kwa zaidi ya hatua moja, wakae pamoja waangalie upya. Kabla ya kuanza, wafanye mazoezi na sahani 20 ulizozipima kwa mizani, wajue robo ya kabeji inafananaje. Sahani za rangi ya kijani usizitumie na sukuma. Nilifanya kosa hilo mara moja, na picha zote zilionekana kama sahani tupu.

Hatua ya 6: Kumbukumbu ya jana

Mizani ya shule haijui chai ya asubuhi wala chakula cha jioni, na sehemu kubwa ya siku ya mtoto iko huko. Hapo unauliza, lakini kwa ufundi. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitengeneza mahojiano ya hatua tano kuhusu saa 24 zilizopita, na mpangilio wake unafaa hata kwenye benchi la nje ya darasa huko Kayole: orodha ya haraka bila kumkatiza anayejibu, vilivyosahaulika, saa na aina ya mlo, undani na kiasi, kisha kupitia yote tena.

Kati ya hizo tano, ya pili, ile ya vilivyosahaulika, ndiyo tamu. Mtoto wa Nairobi hula njiani, na vya njiani havijihesabu kama chakula. Usimuulize “Ulikula matunda?” Mtembeze siku yake: “Ulipoamka, kitu gani cha kwanza kiliingia mdomoni? Ukitoka shule ulipitia wapi? Ulikuwa na nani? Yeye alinunua nini? Akakumegea?” Ndipo hutoka maembe ya kukatwa yenye pilipili na chumvi, kipande cha tikiti cha pale steji, smokie iliyopasuliwa ikajazwa kachumbari, zambarau zilizookotwa kwa jirani. Kachumbari ya smokie kwa kawaida haifiki gramu 15, ila andika tu, utaamua baadaye. Miwa si tunda. Mabuyu ya rangi nyekundu hununuliwa sana, na mengi yake ni sukari; mimi siyahesabu.

Mtoto wa chini ya miaka minane hawezi kukupa siku nzima peke yake. Lakini mzazi naye hakuwapo shuleni. Basi uliza wawili: mtoto kuhusu shule na njiani, mzazi kuhusu nyumbani. Mara nyingi mlezi halisi wa jioni ni dada wa miaka 13 au dada wa kazi, na ndiye anayejua nani alikataa terere. Muulize yeye, kwa heshima, na mama akiwapo akubali kwanza. Kwa mama mwenyewe, ingia kwa salamu kamili, kaa ukikaribishwa, ueleze kwamba hukuja kukagua jikoni lake. Mama akihisi anakaguliwa, sufuria ya jana itageuka kuwa ya sherehe.

Kiasi usikiulize kwa gramu. Omba upawa na bakuli la nyumba hiyo, umwombe aonyeshe kwa maji au kwa mchele mkavu mtoto alipakuliwa hadi wapi, kisha upime mboga iliyopikwa kwa kipimo hichohicho. Kwa matunda uliza ukubwa na sehemu: ndizi ndogo za kisukari au zile kubwa? Embe zima au upande mmoja?

Rudia angalau siku mbili zisizofuatana, moja ikiwa ya wikendi. Jumapili ya chapati na nyama si Jumatano ya ugali na sukuma.

Hatua ya 7: Mwanga kwenye kidole

Hii ndiyo njia inayowavutia wafadhili, na ina haki ya kuvutia, mradi ujue inachokiona. Mboga za kijani na vyakula vya rangi ya chungwa vina karotenoidi: beta-karotini, lutini, laikopini na nyinginezo. Mwili hauzitengenezi wenyewe. Zinatoka kwenye chakula, na baadhi hukaa kwenye ngozi. Karotenoidi hunyonya mwanga wa buluu. Ukimulika ngozi kwa mwanga mweupe na kupima unaorudi, upungufu wa buluu unakueleza zipo kiasi gani.

Wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Utah, Werner Gellermann na Igor Ermakov, walianza na leza kwa kutumia athari ya Raman (mwanga kubadilika rangi unapotawanywa na molekuli), ile iliyompa C. V. Raman wa India Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Baadaye ikaja njia rahisi ya mwanga mweupe unaoakisiwa. Kifaa chake kinachojulikana zaidi ni Veggie Meter cha Longevity Link Corporation ya Salt Lake City: kisanduku kinachounganishwa na kompyuta, mtoto anaweka kidole, kifuniko kinakibana, na alama inatoka kati ya 0 na 800. Ule mbano una kazi yake. Damu nayo hunyonya mwanga, kwa hiyo kidole hubanwa ili damu isukumwe pembeni. Rangi ya ngozi pia ingeweza kuvuruga kipimo. Ndiyo maana hutumika upande wa ndani wa ncha ya kidole, usio na melanini (rangi inayoipa ngozi weusi) nyingi, na programu hufanya marekebisho. Hata hivyo, kwa watoto wetu napendelea kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe wa kipimo kilichopita, si na alama za watoto wa Marekani.

Siku ya kupima, washa kifaa na ukirekebishe kwa vipande vyake vya kumbukumbu, cheusi na cheupe, na urudie kila baada ya saa chache. Kiweke mbali na dirisha lenye jua. Mtoto anawe mikono kwa sabuni na kuikausha. Aliyetoka kumenya embe ana rangi ya embe kidoleni. Eastleigh na South C utakutana na hina na piko, hasa baada ya Idi. Chagua kidole kisichopakwa, au mwache hadi itoke. Amua kidole kimoja kwa watoto wote na usibadilishe hata safari ya pili. Kwa wadogo hakikisha ncha imefunika kidirisha chote. Pima mara tatu, ukitoa kidole na kukirudisha kila mara. Ukipata 212, 226 na 219, andika zote, na wastani wake 219. Moja ikiruka mbali na nyingine, rudia.

Kifaa hakioni kila kitu. Kabeji, kitunguu, ndizi na tufaha zina karotenoidi kidogo sana, kwa hiyo mtoto anayekula ndizi tatu kwa siku anaweza kupata alama ya chini na akaonekana hali matunda. Kwa upande mwingine, kiini cha yai kina lutini, na siagi nyingi za mimea za rangi ya njano zimetiwa beta-karotini. Vitamini A inayoongezwa kwenye mafuta ya kupikia nchini si karotenoidi, na haipandishi alama. Sukuma iliyopikwa bila mafuta hutoa karotenoidi kidogo kwa mwili kuliko iliyokaangwa kwa mafuta kiasi. Unene, ugonjwa na moshi wa sigara huhusishwa na alama ya chini. Ndiyo sababu sitaki kifaa hiki kitumike peke yake; kiambatane na kumbukumbu ya jana au mizani.

Na usikitumie kupima athari ya juma moja. Ngozi hubadilika polepole. Acha wiki sita hadi nane kati ya kipimo cha kwanza na cha pili.

Hapa niwajibu wazazi wanaoniuliza kuhusu viganja vya njano. Mtoto anayekula malenge na karoti kwa wingi anaweza kugeuka rangi ya chungwa kwenye viganja, nyayo na pua. Haina madhara, na hupungua akibadilishiwa chakula. Lakini weupe wa macho ukiwa wa njano, hayo si malenge. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Kabla hujaamini nambari zako

Angalia kalenda. Ukipima Septemba na kurudia Januari, embe zimeshajaa kila kona ya jiji na ulaji wa watoto wote utakuwa umepanda, wenye mradi na wasio na mradi. Lazima uwe na darasa au shule jirani isiyo na mradi, ipimwe siku zilezile. Januari yenyewe ni mwezi wa karo na mifuko mitupu; wiki ya mwisho wa mwezi si wiki ya katikati. Mvua za Machi hadi Mei hushusha bei ya majani ya kijani. Pima siku zilezile za juma, menyu ileile, mpishi yuleyule ikiwezekana.

Matokeo yatangaze kwa kundi. Ukisoma alama za mtoto mmoja mmoja mbele ya darasa, kufika mapumziko kutakuwa na mtoto anayeitwa “Sifuri”. Mzazi anayetaka nambari ya mwanawe mpe kwa faragha, pamoja na maelezo ya kile ambacho kipimo hakioni.

Kwa anayetaka kuanza wiki ijayo, nafanya hivi: Jumatatu naenda jikoni bila mizani, nasaidia kukata kabeji na kujifunza majina ya sufuria. Jumanne na Jumatano ni siku za majaribio, fomu zake natupa. Alhamisi napima kwa kweli, na jioni ileile naingiza nambari kabla sijasahau ile “17” ilikuwa 17 au 11. Ijumaa sipimi. Nakaa na mpishi juu ya gunia la viazi, tunapitia karatasi pamoja, na yeye ndiye huniambia kwamba Alhamisi kabeji iliungua.